Mkanda ni kipimo, si mshahara: Namna ya kudumisha ari ya wanafunzi wa karate na judo

NA MWANDISHI WETU

KILA mwanzo wa mwaka, kumbi za mitaa, za makanisa na mabwalo ya shule katika miji mingi nchini hupokea kundi jipya la wanafunzi wa karate, judo na taekwondo. Sare ni nyeupe pepepe, mikanda bado migumu kiunoni, na kila mtoto anataka kuonyeshwa teke la kuruka siku hiyo hiyo.

Ifikapo likizo ya Agosti, safu zimepungua. Mmoja aliumia kidole cha mguu akaogopa kurudi. Mwingine amejiunga na shule ya bweni. Wa tatu hana sababu anayoweza kuitaja, amechoka tu.

Aghalabu mkufunzi hulaumu simu, runinga na uvivu wa vijana wa siku hizi. Lawama hizo, hata zikiwa na chembe ya ukweli, hazijawahi kumrudisha mwanafunzi mmoja ukumbini. Isitoshe, mkufunzi anayetegemea karo ili kulipia ukumbi hujikuta katika kishawishi cha kugawa mikanda ovyo ili wateja wasimkimbie, au cha kuwatia wanafunzi hofu ili wasithubutu kuondoka.

Njia zote mbili huua kile zinachonuia kuokoa. Mwanafunzi aliyepewa mkanda asioustahili hujua moyoni kwamba haustahili. Naye aliyebakizwa kwa hofu huondoka siku hofu inapomtoka.

Makala haya yanaeleza kile kinachomfanya mwanafunzi wa sanaa za kujihami aendelee kuja mwaka baada ya mwaka, na hatua ambazo mkufunzi, mzazi au mwalimu wa michezo anaweza kuzichukua.

TATIZO LA TANGU JADI

Tatizo la wanafunzi kukata tamaa si geni. Waliozijenga sanaa hizi kama tunavyozijua leo walikuwa, kwa sehemu kubwa, walimu, na mengi waliyoyabuni yalikidhi haja ya kumpa mwanafunzi ngazi anazoweza kuzipanda.

Kano Jigoro, mwasisi wa judo, alianzisha shule yake ya Kodokan mwaka wa 1882 katika hekalu la Eishoji jijini Tokyo, akiwa na wanafunzi tisa pekee. Kano alikuwa mwalimu kitaaluma, na kwa miaka mingi aliongoza chuo cha kufunza walimu. Mwaka wa 1883 aliwapandisha wanafunzi wawili, Saigo Shiro na Tomita Tsunejiro, hadi daraja la kwanza la dan. Huo ndio uliokuwa mwanzo wa mfumo wa madaraja ambao karate na taekwondo ziliuiga baadaye.

Katika kisiwa cha Okinawa, Itosu Anko aliingiza karate katika shule mwanzoni mwa karne ya 20. Aliona kwamba kata za kale, yaani mifululizo ya miondoko inayofanywa kwa mpangilio maalumu, zilikuwa ndefu na ngumu mno kwa watoto. Akatunga kata tano fupi zinazoitwa Pinan, ambazo mitindo mingine huziita Heian. Hadi leo watoto wa Nairobi na Mombasa wanaojifunza Shotokan huanza safari yao kwa kata hizo.

Mwanafunzi wa Itosu, Funakoshi Gichin, ambaye pia alikuwa mwalimu wa shule, aliipeleka karate Tokyo mwaka wa 1922 na miaka miwili baadaye akaanza kutoa madaraja ya dan kwa kufuata mfano wa judo. Funakoshi mwenyewe alisimulia kwamba ujanani ilimchukua miaka kumi kuzimudu kata tatu. Hakuna aliyemvisha mkanda wa manjano njiani.

Mikanda ya rangi ilikuja baadaye. Ilienea Ulaya katika miaka ya 1920 na 1930, na anayetajwa sana kwa kuipa umaarufu ni Kawaishi Mikinosuke, aliyefundisha judo nchini Ufaransa. Wanafunzi wa Ulaya walihitaji ishara za karibu zaidi za maendeleo yao, nao walimu wakawapa.

Kwa hivyo mkanda wa rangi si mila takatifu ya kale, wala si udanganyifu wa kibiashara. Ni zana ya ufundishaji, na kama zana yoyote ile, hufaa au hudhuru kutegemea mkono unaoitumia.

MKANDA UNAPOSAIDIA NA UNAPODHURU

Mwaka wa 1973, wanasaikolojia wa Marekani Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kwa watoto wa shule ya chekechea waliokuwa tayari wanapenda kuchora. Kundi moja liliahidiwa cheti chenye utepe iwapo wangechora. La pili lilipewa cheti hicho bila kutarajia, baada ya kuchora. La tatu halikupewa chochote.

Baadaye watoto hao waliachwa wacheze watakavyo. Wale walioahidiwa cheti walipunguza hamu ya kuchora, ilhali waliozawadiwa ghafla hawakuipoteza. Kilichodhuru hakikuwa cheti chenyewe bali ile ahadi iliyogeuza mchezo kuwa kazi ya malipo.

Mkufunzi ana la kujifunza hapa. Anaposema, "Fanyeni kata hii ili mpate mkanda wa kijani," amewafundisha kwamba kata ni bei na mkanda ndio bidhaa. Wakishaupata, hawana sababu ya kuirudia kata. Akisema, "Mkanda huu unaonyesha kwamba sasa magoti yako yanapinda inavyopasa na ngumi yako inafika pale unapoitaka," amewapa habari kuhusu ukuaji wao. Mkanda ni ule ule. Maana yake ndiyo iliyobadilika.

Kutokana na hayo, kanuni tatu zinafaa kuzingatiwa kuhusu mitihani ya mikanda.

Kwanza, vigezo viwe wazi na vibandikwe ukutani. Mwanafunzi ajue miondoko, kata na mwenendo unaotarajiwa katika kila ngazi.

Pili, asiye tayari asiitwe mtihanini. Kumwacha afanye, ashindwe mbele ya wazazi wake, kisha atozwe ada ya kurudia, ni njia ya haraka ya kumfukuza. Akishindwa kwa sababu nyingine, apewe siku hiyo hiyo maelezo ya mambo mawili au matatu ya kurekebisha na tarehe ya kujaribu tena.

Tatu, ada itangazwe mapema. Si wachache wanaokosa kurudi kwa sababu tu mzazi hakuwa na pesa wiki hiyo na mtoto akaona haya kusema.

MAHITAJI MATATU YA MOYO

Wataalamu Edward Deci na Richard Ryan, ambao kwa miongo kadhaa wamechunguza kinachowasukuma wanadamu kutenda, wanaeleza kwamba ari inayodumu hutegemea mahitaji matatu: kuhisi kwamba una usemi katika unalolifanya, kuhisi kwamba unazidi kuwa mahiri, na kuhisi kwamba una watu unaowajali na wanaokujali.

Usemi haumaanishi kwamba wanafunzi ndio wataongoza ukumbi. Sanaa hizi zina adabu na itifaki zake, na wengi huzipendea hayo. Lakini mkufunzi anaweza kuwaacha wachague, katika dakika kumi za mwisho, kati ya kurudia kata, kufanya mazoezi ya mateke au kupigana pigano jepesi. Anaweza pia kumuuliza kila mmoja mwanzoni mwa muhula ni jambo gani moja analotaka kuliboresha, akaliandika katika rejista na kulirejelea.

Umahiri huonekana pale unapopimwa kwa macho. Mwanafunzi anayejifunza judo haoni kwamba ameimarika maadamu wenzake nao wanaimarika kwa kasi hiyo hiyo. Kila siku huangushwa vile vile. Mkufunzi humfaa kwa kumkumbusha kwamba miezi mitatu iliyopita alikuwa akianguka kama gunia, na sasa anapiga mkono sakafuni na kuinuka bila maumivu.

Ushirika ndio unaopuuzwa zaidi. Mkufunzi alijue jina la kila mwanafunzi katika wiki ya kwanza. Mgeni apewe mwenzake wa kumwonyesha namna ya kufunga mkanda, mahali pa kusimama na wakati wa kuinama. Akikosa vipindi viwili mfululizo bila taarifa, apigiwe simu yeye au mzazi wake, si kwa kudai karo bali kwa kumjulia hali. Mwanafunzi asiyeulizwa alipokuwa hujifunza kwamba kuwapo kwake hakuna uzito.

SIFA NA UKOSOAJI

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Utafiti wa kisasa haupingi methali hiyo, bali unaifafanua: yategemea mgema anasifiwa kwa lipi.

Mwaka wa 1998, Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha utafiti uliohusu wanafunzi wa shule ya msingi nchini Marekani. Waliosifiwa kwa kuwa na akili nyingi baadaye walipendelea kazi rahisi na walivunjika moyo upesi waliposhindwa. Waliosifiwa kwa bidii yao walizikabili kazi ngumu na kuendelea kujaribu.

Katika ukumbi wa karate, "wewe una kipaji" ni sifa tamu yenye sumu. Mtoto aliyeambiwa hivyo huogopa kupigana na anayemzidi, asije akaonekana hana kipaji tena. Afadhali aambiwe: "Leo umeirudia kinga hiyo mpaka kiwiko kimetulia." Sifa ya namna hiyo hutaja kitendo, na kitendo mtu anaweza kukirudia kesho.

Ukosoaji nao uwe mchache na mahususi. Anayeanza hawezi kurekebisha miguu, nyonga, mabega na pumzi kwa wakati mmoja. Kosa moja kwa kipindi latosha. Haba na haba hujaza kibaba.

KIPINDI KINAVYOPANGWA

Uchovu wa akili huwafukuza wengi kuliko uchovu wa mwili. Hata hivyo, hakuna sanaa ya kujihami isiyohitaji kurudia jambo moja mara nyingi. Ustadi wa mkufunzi ni kubadilisha sura ya zoezi bila kubadilisha zoezi lenyewe.

Teke la mbele, mathalani, laweza kufanywa mara kumi hewani, mara kumi dhidi ya pedi, mara kumi polepole huku mwanafunzi amemshika mwenzake bega, na mara kumi akisonga mbele kwa amri. Amepiga mateke arobaini bila kuhesabu.

Kipindi cha saa moja chaweza kugawanywa hivi: dakika kumi za kupasha misuli moto, dakika ishirini za misingi, dakika ishirini za kata au mazoezi ya wawili wawili, na dakika kumi za kile kinachopendwa zaidi. Jambo la furaha likija mwisho, mwanafunzi huondoka akilitamani. La muhimu ni kwamba kila kipindi kiwe na kitu kimoja kipya, hata kiwe kidogo, ambacho mtoto anaweza kukisimulia nyumbani.

Umri nao uzingatiwe. Watoto wa miaka mitano hadi saba hujifunza kwa michezo, na amri ndefu huwapotea. Vijana wa miaka ya kubaleghe wanajali mno wenzao wanavyowaona. Kuwaaibisha mbele ya kundi ni kuwapoteza. Watu wazima huja wakiwa wamechoka kazini, na wengi hawatafuti medali bali afya, utulivu na uwezo wa kujilinda. Mama anayejifunza kujinasua mkono unaposhikwa hahitaji kwanza kungoja mwaka mzima wa kata.

NYAKATI ZA HATARI

Ari haipungui kwa kiwango sawa kila siku. Kuna nyakati ambazo mkufunzi makini huzitazamia.

Wakati wa kwanza ni baada ya mkanda wa kwanza wa rangi. Shauku ya ugeni imeisha, na mkanda unaofuata unaonekana mbali. Hapo mwanafunzi apewe jukumu dogo, kama kuhesabu kwa sauti wakati wa mazoezi au kumsaidia anayeanza.

Wakati wa pili ni katikati ya safari, anapokaribia mkanda wa kahawia, ambapo muda kati ya mitihani hurefuka. Maendeleo ya ngazi hii ni ya ndani: muda wa kujibu, umbali, pumzi. Mwanafunzi asipoonyeshwa namna ya kuyaona, hudhani amekwama.

Wakati wa tatu ni baada ya jeraha. Anayeuguza kifundo cha mguu anaweza kuja kutazama, kuhesabu alama za wenzake au kufanya mazoezi ya mikono akiwa ameketi, mradi daktari ameruhusu. Akikaa nyumbani miezi miwili bila kuitwa, ukumbi hugeuka kuwa mahali pa wengine.

Wakati wa nne hutokana na kalenda ya maisha yetu. Mitihani ya kitaifa, kujiunga na shule ya bweni, na mwezi mtukufu wa Ramadhani huvuruga mahudhurio. Wakufunzi wenye busara hupunguza vipindi wakati wa mitihani badala ya kumlazimisha mzazi achague kati ya vitabu na karate. Wanaofundisha Waislamu husogeza saa za mazoezi au kupunguza ukali wake wakati wa mfungo. Wenye wanafunzi wa bweni huandaa vipindi vya likizo na kumpa kila mmoja kata moja ya kuidumisha akiwa shuleni.

Kodokan ina desturi inayofaa kuigwa. Katika kilele cha majira ya baridi hufanyika kangeiko, mazoezi ya alfajiri kwa siku kadhaa mfululizo. Anayetuzwa hapo si aliyewaangusha wengi, bali aliyehudhuria bila kukosa. Hata mnyonge kuliko wote anaweza kuipata heshima hiyo.

HOFU SI NIDHAMU

Bado wapo wanaoamini kwamba ukali ndio unaomkomaza mwanafunzi. Ni kweli kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye, na karate isiyo na jasho si karate. Lakini kumchapa mtoto kwa fimbo kwa kuwa amesahau mwondoko, au kumwacha mkubwa ampige mdogo "ili azoee", si mafunzo.

Adhabu ya viboko ilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka wa 2001, na Katiba ya 2010 inamkinga kila mtu, akiwamo mtoto, dhidi ya ukatili na udhalilishaji. Sare nyeupe na cheo cha sensei, yaani mwalimu, haviondoi ulinzi huo.

Hata adhabu nyepesi zina gharama. Anayepigishwa pushapu kila anapokosea hujifunza kuzichukia pushapu, ilhali ndizo zitakazomjenga. Nidhamu ya kweli hutokana na mkufunzi kufika kwa wakati, kuwainamia wanafunzi kama wanavyomwinamia, na kukiri anapokosea.

NAFASI YA MASHINDANO

Mashindano huwasha moto wa wengi. Judo iliingia katika Michezo ya Olimpiki mjini Tokyo mwaka wa 1964, na taekwondo ikawa mchezo kamili wa medali mjini Sydney mwaka wa 2000. Kenya iliwakilishwa na Faith Ogallo katika taekwondo kwenye Michezo ya Tokyo iliyofanyika 2021, na picha yake ulingoni ni hoja yenye nguvu kwa msichana anayeambiwa kwamba mateke ni ya wavulana.

Hata hivyo, kuitegemea medali pekee ni kujenga juu ya mchanga. Karate ilishindaniwa katika Michezo hiyo hiyo ya Tokyo, kisha ikaachwa nje mjini Paris mwaka wa 2024. Aliyekuwa akifanya mazoezi kwa ajili ya Olimpiki peke yake alibaki mikono mitupu. Aliyependa karate yenyewe aliamka siku iliyofuata akavaa mkanda wake.

Mshindi wa pigano ni mmoja, na wanafunzi wengi hawatapata medali maishani. Mkufunzi awaandae wanaotaka kushindana, asiwalazimishe wasiotaka, na baada ya kushindwa asianze na makosa. Aanze kwa kuuliza: "Umeona nini ulipokuwa mle ndani?" Asiyekubali kushindwa si mshindani.

KWA MUHTASARI

Mkufunzi anayetaka kuwadumisha wanafunzi wake ayazingatie haya:

- Aeleze maana ya kila mkanda kabla ya kuutoa, na asiutoe kabla ya wakati.
- Amjue kila mwanafunzi kwa jina na amuulizie anapokosekana.
- Asifu kitendo na bidii, asisifu kipaji.
- Arekebishe kosa moja kwa wakati.
- Arudie msingi ule ule kwa sura tofauti.
- Atazamie nyakati za hatari na azipangie mapema.
- Atunuku uvumilivu, si ushindi pekee.
- Afanye mazoezi yeye mwenyewe mbele ya wanafunzi wake.

Nukta hiyo ya mwisho huzibeba zote. Mkufunzi anayesimama kando akipiga filimbi huku tumbo likimtangulia hawezi kuwashawishi vijana kwamba safari hii haina mwisho. Anayetoka jasho pamoja nao hahitaji kuwahubiria.

Daraja la kwanza la mkanda mweusi huitwa shodan, jina linalobeba maana ya ngazi ya kuanzia. Kabla yake mwanafunzi huhesabu ngazi akishuka, kutoka ya tisa au ya kumi hadi ya kwanza. Kutoka hapo huanza kuhesabu akipanda. Waliouweka mpangilio huo walimwona mwenye mkanda mweusi kuwa mtu ambaye sasa yuko tayari kujifunza.

Mwanafunzi aliyeelezwa hivyo tangu siku ya kwanza, akapokewa vyema na kuonyeshwa hatua zake, hatauliza kila wiki mkanda unakuja lini. Na hata akiacha siku moja, kwa sababu maisha yana mengi, ataondoka akijua kwamba jambo gumu huzoeleka kwa kulirudia. Papo kwa papo kamba hukata jiwe.